Darasa la Awali Kijijini kwa Fedha za Mfadhili: Anza na Paa na Mwalimu, Msingi Baadaye

Pita njia yoyote ya vumbi kati ya Kilolo na Rungwe, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, utayaona: kuta za matofali ya kuchoma zimesimama hadi juu ya madirisha, ndani yameota magugu, juu hakuna hata bati moja. Ukiuliza utaambiwa mfadhili alitoa, wananchi walichangia, fedha zikaisha. Ndiyo maboma yetu. Ipo pia hasara ya pili ambayo haipigwi picha: jengo limekamilika, limepakwa rangi, lakini mlangoni kuna kufuli kwa kuwa mwalimu hakuna.

Chanzo ni kimoja. Kamati huanza na kinachoonekana haraka, kuchimba msingi na kupandisha kuta, kwa sababu mfadhili anataka picha na wananchi wanataka kuona kazi. Hapa tunakwenda kinyume: mwalimu na paa vipatikane kwanza, kwenye karatasi na kwenye akaunti, ndipo jembe lishikwe.

Mfano wetu ni chumba kimoja cha mita 7 kwa 8, na vyoo vyake, kwa watoto 25. Hiyo 25 ndiyo idadi ambayo serikali imeiweka kwa mwalimu mmoja wa awali. Ukipata fedha za vyumba viwili, rudia hesabu mara mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Karatasi:
- Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioidhinisha eneo, na orodha ya mahudhurio yenye saini au dole gumba.
- Barua ya halmashauri ya wilaya inayokubali darasa hilo na kutaja litakuwa chini ya nani.
- Ramani na mchanganuo wa vifaa na gharama, vilivyopitiwa na mhandisi wa halmashauri.
- Akaunti ya benki yenye watia saini watatu.
- Makubaliano ya maandishi kuhusu malipo ya mwalimu.

Vifaa: mawe, mchanga, kokoto, matofali, saruji, nondo za milimita 12 na milimita 8, waya wa kufungia, nailoni ya jamvi (sakafu ya zege), dawa ya mchwa, mbao zilizotiwa dawa, bati za geji 28 na kofia zake, misumari, mlango, madirisha, mifereji ya bati na tanki la maji.

Vya kupimia: futikamba ndefu, kamba, timazi, pima maji, na ndoo za lita 20 zisizopungua tatu. Ndoo hizo zinunuliwe za mradi kabisa. Fundi anayepima zege kwa koleo hapimi, anakisia.

## Hatua ya 1: Amua darasa ni la nani

Kuna milango mitatu, kila mmoja una ofisi yake.

Wa kwanza ni darasa la awali chini ya shule ya msingi ya serikali. Kitongoji kikiwa mbali, linaweza kuanzishwa kama shule shikizi, chini ya mwalimu mkuu wa shule mama. Wa pili ni shule ya asasi, kanisa au msikiti: hapo unahitaji kibali cha kuanzisha shule kutoka Wizara ya Elimu, kisha usajili, na mshahara wa mwalimu ni mzigo wako. Wa tatu ni kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho husimamiwa na Ustawi wa Jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009.

Kwa vijiji vingi vya huku kwetu nashauri mlango wa kwanza. Wafadhili huchoka, asasi hufa, wachungaji huhamishwa. Darasa lililo chini ya shule mama lina mwenyewe siku zote hizo.

Angalizo. Usichanganye milango. Jengo lenye kibao cha asasi halitapangiwa mwalimu wa serikali kwa sababu tu kijiji kinamhitaji. Ukitaka mwalimu wa serikali, jengo likabidhiwe serikali, na hilo mfadhili aambiwe mapema ili asije akashangaa siku ya uzinduzi.

Walimu wa awali ni wachache, kwa hiyo huenda mkasubiri. Pigeni hesabu ya posho ya mwalimu wa kujitolea kwa miaka 2 na muandike nani atailipa. Darasa la serikali halitozi ada. Kama wazazi watatoa debe la mahindi baada ya mavuno au fedha kidogo, uwe mchango wa hiari uliokubaliwa mkutanoni, na asiwepo mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa ajili yake.

Utajua umefaulu ukishika barua yenye mhuri wa mkurugenzi, inayotaja shule mama kwa jina.

## Hatua ya 2: Pata eneo, kisha pata karatasi ya eneo

Mtoto wa miaka 4 au 5 hatembei kama wa darasa la sita. Chagua eneo mwezi Machi, wakati mito imejaa, kwa kutembea njia watakayopita. Kijito ambacho Agosti unakiruka, Machi kinachukua mtoto. Epuka pia eneo linalowalazimu kuvuka barabara kuu ya malori ya kwenda Tunduma.

Mteremko una bei. Milima ya Uporoto na Ukinga ina mandhari nzuri, lakini kila mita ya kimo unayoikata ni siku nyingi za sururu na ukuta wa kuzuia udongo usiokuwemo kwenye bajeti. Tafuta mahali palipoinuka kidogo, maji yasituame, na pasiwe chini ya korongo.

Angalia udongo kwa kuchimba shimo la mita 1 na nusu katika kila pembe. Usangu kuna udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Jengo lililokaa juu yake hupasuka nao. Rungwe kuna udongo mwepesi wa volkano, ambao lazima uchimbwe hadi kwenye tabaka gumu. Mwite mhandisi aone mashimo yakiwa wazi, kabla hamjayafukia.

Sasa karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji wake hupita mkutano mkuu wa kijiji. Eneo la kijiji lina njia fupi. Eneo lililotolewa na familia lina mtego: mzee anasimama mkutanoni, anatoa ekari moja, watu wanapiga makofi, haandikiwi chochote. Akishafariki, watoto wanarudi kudai shamba la baba, na darasa liko katikati ya shamba.

Kwa hiyo wasaini wote: mzee, mke au wake zake, watoto wazima, na majirani wa mipaka minne. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, moja shule mama. Mipaka ipimwe kwa hatua na kwa mita, ipandwe miti siku hiyohiyo.

Mfadhili wa nje hawezi kuandikwa mmiliki wa ardhi ya kijiji. Akidai hivyo, mweleze kwa upole na muendelee.

## Hatua ya 3: Panga fedha, paa likitangulia

Usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Gawanya mchanganuo katika mafungu matano: msingi na jamvi, kuta na mkanda wa zege, paa, vyoo na maji, umaliziaji. Kisha weka sharti moja: hakuna kuchimba hadi fungu la paa liwe kwenye akaunti, au mbao na bati ziwe tayari stoo. Michango ya wananchi, yaani mawe, mchanga, maji na matofali, inatosha kupandisha kuta. Haitoshi kununua bati. Mkitumia fedha za mfadhili kwenye kuta, mtakuwa mmetumia fedha ngumu kununua kitu ambacho kijiji kingekitoa kwa nguvu zake.

Mwandikieni mfadhili waziwazi. Maneno haya yanatosha: *"Tunaomba fedha za paa zitangulie. Kuta tutazijenga kwa matofali na nguvu za wananchi. Bati zikiwa stoo, tutakutumia picha na risiti, ndipo tuanze msingi."* Mfadhili makini atafurahi. Anayesisitiza aone kuta kwanza, mwombe atoe kwa awamu, na awamu ya kwanza iwe ya bati.

Fedha zikiwa pungufu, punguza vyumba. Usipunguze unene wa bati wala nondo. Chumba kimoja kilichoezekwa kinafundisha watoto mwezi Januari. Vyumba vitatu visivyo na paa vinalisha mbuzi. Acha pia asilimia 10 ya dharura, kwa sababu bei hupanda na tripu za fuso hukwama.

Unda kamati tatu, kama zilivyo kwenye miradi ya serikali ya fosi akaunti (inayotumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi): ujenzi, manunuzi na mapokezi. Aliyenunua asipokee. Leja ya stoo iwe na mistari ya hivi: tarehe, saruji iliyokuwepo mifuko 40, imetoka 6, imebaki 34, saini ya fundi, saini ya mtunza stoo. Kila mwisho wa mwezi mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Maneno ya kilabuni hupungua sana watu wakijisomea wenyewe.

Fedha zikipitia asasi na zikizidi shilingi milioni 20, kanuni za asasi za 2018 zinataka zitangazwe na mkataba wake uwasilishwe. Asasi ilishughulikie hilo mapema.

Fundi alipwe kwa hatua zilizokamilika, si kwa siku, na mkataba usainiwe mbele ya mtendaji. Zuia asilimia 10 ya malipo hadi paa lipitiwe na mvua moja ya masika bila kuvuja.

## Hatua ya 4: Fuata mvua, usifuate ratiba ya mfadhili

Nyanda za juu tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei. Rungwe mvua hazikatiki vizuri. Dirisha lenu ni kuanzia Julai hadi Oktoba. Mpango unaofanya kazi ni huu: mikutano na karatasi Januari hadi Aprili, kufyatua matofali Mei na Juni, kuchoma Julai, msingi na kuta Agosti na Septemba, kupaua Oktoba. Umaliziaji ufanyike ndani wakati mvua inapiga juu, na shule ifunguliwe Januari.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, uitwe baada ya mavuno. Ukiwaita watu Desemba wakati wa kupanda na kupalilia mahindi, watakuja wazee watatu na mwenyekiti.

Wageni wa wiki mbili wakija kujitolea, wapewe kazi ya rangi na ya kuchora herufi ukutani, na vibali vyao vya uhamiaji viwe sawa. Kozi za matofali, yaani mistari ya ukuta, waachiwe mafundi.

## Hatua ya 5: Jaribu vifaa kabla ya kuvilipia

Matofali. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa sauti ya kufa. Loweka jingine usiku kucha. Likimeguka kwa kidole, tanuri zima lina mashaka. Ili kujua idadi, panga ukuta wa mita 1 ya mraba bila udongo, hesabu, kisha zidisha. Chumba chetu kina mzunguko wa mita 30; kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 90 kabla ya kutoa madirisha na mlango na kuongeza pembetatu za paa. Tanuri hula kuni nyingi, na wafadhili wengine hukataa kwa sababu hiyo. Uliza basi kuhusu matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, yaliyohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hayachomwi kabisa.

Mchanga. Jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tope likitulia juu ya mchanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, huo ni udongo, rudisha.

Saruji. Kiwanda kiko Songwe, jirani na jiji la Mbeya, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua mifuko iliyolala dukani miezi. Ikifika, ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ifunikwe. Donge lisilovunjika kwa vidole limekufa.

Mbao. Mufindi na Njombe zimejaa paini, na hapo ndipo tunapozembea: tunanunua mbichi, tunapaua wiki hiyohiyo, baada ya miezi kenchi (fremu za mbao za paa) zimepinda na misumari inatoka. Nunua mapema, zitiwe dawa, zipangwe kivulini na vijiti katikati ya kila tabaka, zikae wiki 6 au zaidi.

## Hatua ya 6: Msingi

Piga kamba, kisha pima pembe kwa pembe. Kwa mita 7 kwa 8, kila mlalo uwe mita 10.63. Ikipishana, chumba kimepinda, na bati zitakuumbua.

Chimba upana wa sentimita 60, kina hadi udongo mgumu, kisichopungua sentimita 60. Zege la chini ni 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Jenga mawe hadi sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, shindilia moramu (udongo wa changarawe) ndani kwa matabaka, mwaga dawa ya mchwa, tandika nailoni, kisha jamvi la sentimita 10.

Vipimo kwa ndoo ya lita 20, kila mfuko mmoja wa kilo 50: zege la 1:2:4 ni mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, maji lita 25 hivi. Zege linalotiririka kama uji lina maji mengi na litakuwa dhaifu.

Mwagilia jamvi siku 7, asubuhi na jioni. Mafanikio: ukikwaruza kwa msumari, halitoi vumbi.

## Hatua ya 7: Kuta na mkanda

Udongo wa kujengea uwe saruji na mchanga 1:6. Loweka matofali kabla ya kujenga, la sivyo yatanyonya maji ya saruji. Timazi ishuke kila kozi ya nne.

Vizingiti vya madirisha viwe sentimita 60 kutoka sakafuni, mtoto aone nje akiwa amekaa. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, mwanga uingie bila jua kali.

Mkanda wa zege uzunguke kuta zote bila kukatika: nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, pembeni nondo zipindwe na kulaliana sentimita 60. Mkanda wa sentimita 20 kwa 20 kwa mita 30 ni mita za ujazo 1.2, karibu mifuko 8 ya saruji. Kamati nyingi huona huo ni ufahari. Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa. Desemba 2009 ardhi ilitikisika mfululizo Karonga, Malawi, ng'ambo tu ya Kyela. Kuta zisizofungwa pamoja huangukia ndani.

Angalizo. Makete na Njombe baridi ya Juni hadi Agosti huchelewesha zege kukaza. Acha mbao chini ya lenta (zege linalopita juu ya madirisha na mlango) siku 14, hata fundi akinung'unika.

Kabla zege la mkanda halijakauka, chomeka vipande vya waya mnene au nondo ya milimita 6 kila mahali kenchi itakapokaa, vikitokeza juu. Ukisahau sasa, hakuna njia nzuri ya kurudi.

## Hatua ya 8: Paa

Kila Oktoba na Novemba tunasikia shule zilizoezuliwa na upepo. Mara nyingi bati ni zima na mbao ni zima. Kilichokosekana ni kiungo kati ya paa na ukuta.

Funga mbao ya kulalia kenchi kwa zile nondo ulizochomeka, kisha funga na kenchi yenyewe, siyo kwa msumari peke yake. Kenchi zisiachane zaidi ya mita 1.5, papi (mbao za kupigilia bati) zisiachane zaidi ya sentimita 90. Bati zilaliane sentimita 15 hadi 20 kwa urefu na mgongo mmoja na nusu kwa upana, msumari upigwe mgongoni. Kingo na kofia zipigwe misumari mingi zaidi, kwa sababu upepo huanzia hapo. Paa litokeze nje sentimita 75, Rungwe ongeza.

Radi huku ni nyingi. Mwombe mhandisi aonyeshe mahali pa kinga ya radi na waya wake wa kushuka ardhini.

Utajua umefaulu ukiingia mchana, ukafunga mlango na madirisha, ukatazama juu usione hata tundu la mwanga.

## Hatua ya 9: Vyoo na maji

Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Kwa darasa letu matundu mawili, na la mwalimu pembeni. Tundu la mtoto lisizidi upana wa sentimita 15. Mtoto anayeogopa kutumbukia atajisaidia nyuma ya choo, na mradi wote wa usafi umeishia hapo. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima.

Funga mifereji. Paa hili linafunika kama mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,600, ukitoa upotevu unabaki na 1,300 hivi. Mvua nne za namna hiyo zinajaza tanki la lita 5,000. Kabla ya tanki, kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni vinatosha kuanzia.

## Hatua ya 10: Umaliziaji na kukabidhi

Lipu ndani, sakafu laini, ubao mweusi uwe chini kwa kimo cha mtoto, rafu za kona za kujifunzia. Samani ziwe fupi. Madawati ya darasa la saba hayafai. Kwa baridi, mikeka minene na madirisha ya vioo upande wa upepo. Jiko la mkaa lisiingie darasani hata siku moja: moshi wake usioonekana huua kwenye chumba kilichofungwa. Uji upikwe kwenye banda la pembeni.

Siku ya makabidhiano sainisheni orodha ya kila kitu, kuanzia bati hadi vikombe, na wekeni fungu dogo la matengenezo kwenye akaunti ya shule mama. Kila Oktoba fundi apande juu, apige upya misumari iliyolegea, asafishe mifereji. Funguo ziwe mbili: moja kwa mwalimu, ya pili kwa mtendaji wa kijiji, na majina yao yaandikwe ukurasa wa kwanza wa leja.